Faili ni la Mteja

Hotuba ya mwenzetu aliye wakili wa kujitegemea, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa nieleze jinsi kompyuta ilivyoingia katika kazi ya uwakili. Ofisi yangu iko Kariakoo, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona huko.

Mteja wa Kariakoo haji na faili. Huja na bahasha iliyokunjamana. Ndani yake mna risiti, ukurasa uliochanwa katika daftari la mikopo, na mkononi ana simu yenye ujumbe wa mdaiwa akiahidi kulipa wiki ijayo. Risiti za mashine za kodi huchapwa kwa joto, si kwa wino. Zikikaa juani maandishi hufifia mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Basi kazi yetu ya kwanza ni kupiga picha kila karatasi siku ile ile, kuiweka katika faili la mteja ndani ya kompyuta, na kuhifadhi nakala ya pili mahali pengine. Mtakumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua. Daftari lililolala kizimbani likiungua, halina mwenzake.

Kazi ya pili ni kuhesabu siku. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mwenye dai la mkataba miaka 6. Mdaiwa katika shauri la kawaida la madai hupewa siku 21, tangu apokee hati, kuleta utetezi wake wa maandishi. Anayetaka kukata rufani kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ana siku 30 za kutoa taarifa. Siku zikipita, haki yaweza kupotea hata kama ushahidi ni mwingi. Zamani tarehe hizo ziliandikwa katika shajara moja mezani. Karani akiugua, ofisi nzima imeugua. Programu za siku hizi humwonyesha kila aliye ofisini tarehe zile zile, na hukumbusha mapema. Lakini programu haijui hati ilipokelewa lini mpaka mtu aiambie. Ukiiambia uongo, itakukumbusha uongo kwa uaminifu mkubwa.

Kazi ya tatu ni kupeleka hati mahakamani. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka utaratibu wa kutuma hati kwa kompyuta, na Novemba 2023 Mahakama ya Tanzania ikaanza kutumia mfumo mpya wa kusimamia mashauri. Wakili hufungua shauri akiwa ofisini, hupata namba ya malipo, akalipa.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo zito. Wapo mawakili wanaompa kijana wa duka la fotokopi neno lao la siri ili awatumie hati. Kijana huyo si mwizi. Lakini kompyuta ile hutumiwa na watu wa kila namna, na pale Kariakoo mshindani wa mteja wako huenda ndiye anayefuata kwenye foleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini kutunza siri ya mteja ulikuwa wajibu wetu hata kabla ya kompyuta.

Wapo pia wanaolifungia faili kiasi kwamba mwenyewe hajui shauri lake limefika wapi. Huo nao ni ubaya. Mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo hana haja na programu yetu. Ana haja na namba ya shauri lake, tarehe ijayo, na nakala ya kila hati iliyopelekwa kwa jina lake, tena aelezwe kwa Kiswahili. Faili ni lake. Sisi tumeshikishwa tu.

Nanyi vijana mnaotamani sheria, hukumu za mahakama zetu husomwa bure katika TanzLII. Anzeni sasa kuzisoma. Lakini jifunzeni kwanza kuandika tarehe sahihi, siku ile ile, kwa mkono wenu wenyewe. Asiyeweza kutunza daftari hawezi kutunza kompyuta.