Mzazi Anapopanda Baiskeli kwa Ajili ya Mtoto Mgonjwa

Kama una mtoto mgonjwa nyumbani, vuta kiti ukae. Mazungumzo ya leo ni yako.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Inaweza kuwa nyumba ya jirani yako. Kuna mtoto wa miaka 11. Mwaka jana alikuwa akikimbia hadi shuleni. Siku hizi akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu ili apumue. Hospitalini wamesema vali ya moyo wake imeharibika na huenda akahitaji upasuaji. Pesa hazitoshi. Jioni moja baba anasema, "Nitaendesha baiskeli kutoka Kericho, nipite Litein na Sotik, hadi Bomet. Watu wanichangie kwa kila kilomita." Mama anamtazama. Hajui acheke au alie.

Je, wazo hili ni la kipuuzi? Hapana, mpenzi msikilizaji. Wengi wamelifanya. Mwaka 1980, kule Massachusetts nchini Marekani, Billy Starr, kijana aliyefiwa na mama yake kwa saratani mwaka 1974, aliwakusanya waendesha baiskeli 36 wakachangisha dola 10,200 kwa hospitali ya saratani. Safari hiyo inaitwa Pan-Mass Challenge. Inaendelea kila mwaka, na imechangisha zaidi ya dola bilioni 1. Hapa kwetu Kenya, tangu miaka ya 1990, Hospitali ya Mater ya Nairobi huandaa mbio za Mater Heart Run ili watoto wa familia zisizojiweza wapasuliwe moyo. Mwaka 2014, Mama Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wakati huo, alikimbia mbio za marathoni za London katika kampeni yake ya Beyond Zero, iliyochangia kliniki za magari za akina mama na watoto. Kwa hiyo kutumia miguu kuomba msaada si aibu. Ni harambee kama harambee nyingine.

Lakini kabla baba hajapanda baiskeli, kuna mambo ya kuyafahamu.

Kwanza, ujue ugonjwa wa mtoto wako.

Watoto wengi wenye vali mbovu walianza na kitu kidogo: maumivu ya koo. Kuna vijidudu vya koo ambavyo visipotibiwa vizuri vinaweza kuleta homa ya baridi yabisi wiki 2 au 3 baadaye. Homa hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto huumwa viungo. Leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Wengine hurusharusha mikono bila kutaka, na mwalimu hudhani ni utundu. Maumivu ya viungo hupona, lakini moyo unaweza kubaki na kovu. Vali ni kama milango midogo ndani ya moyo. Mlango ukiharibika, damu hurudi nyuma au haipiti vizuri, na moyo huchoka.

Vijidudu hivi husambaa haraka mahali watu wengi wanapolala chumba kimoja. Kwa hiyo mtoto akilalamika koo, ana homa, anaumia akimeza, na shingo imevimba tezi, usimpe chai ya tangawizi tu ukangoja. Mpeleke kwenye zahanati. Akipewa dawa, amalize zote hata kama amepata nafuu siku ya pili.

Mtoto ambaye tayari amepata homa hii huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Sindano hiyo humkinga asishikwe tena, kwa sababu kila akishikwa moyo huharibika zaidi. Sikiliza vizuri hapa, mama. Harambee inaweza kuleta pesa nyingi, lakini haiwezi kurudisha sindano iliyosahauliwa. Kama siku ya sindano na siku ya baiskeli zimegongana, baiskeli ndiyo itakayongoja.

Pili, uliza mahali pa matibabu na gharama kabla ya kutangaza mchango.

Hatuhitaji kwenda mbali sana. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, hufanya upasuaji wa moyo, na wagonjwa wengi wa vali wametibiwa hapo. Nairobi kuna Mater na Kenyatta. Muombe daktari akueleze kwa maandishi: mtoto anahitaji nini, lini, na kwa pesa ngapi. Hakikisha familia imejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujiandikisha kwa simu ya kawaida kwa kupiga *147#. Uliza SHA italipa kiasi gani na nyinyi mtabaki na kiasi gani. Uliza pia kama hospitali ina mfuko wa kusaidia wasiojiweza. Kuna wazazi waliouza ng'ombe kabla ya kuuliza swali hili.

Ukishajua pengo ni la pesa ngapi, hapo ndipo unajua unaendesha baiskeli kutafuta nini.

Tatu, mzazi anayeendesha aangalie mwili wake.

Mzazi wa mtoto mgonjwa huwa hajalala. Hali vizuri. Ana mawazo. Mtu wa namna hiyo akipanda vilima vya Kericho bila mazoezi, anaweza kuanguka, na nyumba ikawa na wagonjwa wawili. Pima shinikizo la damu kwanza. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu unapoendesha, shuka, na uende hospitali. Mama mjamzito amwachie mwingine.

Anza mazoezi wiki 8 kabla. Endesha mara 3 kwa wiki, mwanzo kilomita chache, kisha uongeze kidogo kidogo. Kama una ile baiskeli nzito tunayoiita Black Mamba, breki zake zikaguliwe na fundi, maana sisi tunaoishi huku tunajua kwamba kuteremka ndiko kunakoua, wala si kupanda. Vaa helmeti. Vaa nguo inayoonekana hata wakati wa ukungu. Kunywa maji mara kwa mara, na ubebe ndizi au viazi vitamu.

Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri. Anza safari asubuhi kumekucha, umalize kabla ya mawingu. Na uombe polisi wa trafiki ushauri kuhusu barabara. Hatujasahau tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia kwenye makutano ya Londiani na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wakiwa kando ya barabara tu. Barabara kuu yenye malori si mahali pa kujaribia ujasiri. Kuzunguka njia za ndani ya mashamba ya chai mara 20, kwa ruhusa ya wenyewe, ni kilomita zile zile, na watu wa kijiji wataweza kusimama kushangilia.

Nne, nani anabaki na mtoto?

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Baba yuko mazoezini, mama yuko kwenye simu akiomba michango, shangazi anapika chai ya wageni. Mtoto amelala chumba cha ndani, na hakuna aliyeona kwamba miguu yake imevimba tangu jana.

Chagua mtu mmoja ambaye kazi yake ni mtoto tu. Andika kwenye karatasi na uibandike ukutani: dawa gani, saa ngapi, tarehe ya sindano, namba ya simu ya kliniki. Mtu huyo ajue dalili za hatari. Mtoto akishindwa kupumua akilala chali, akikohoa usiku kucha, akivimba miguu au tumbo, akizirai, au akipata homa isiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje baba arudi Bomet.

Na safari iahirishwe bila ubishi iwapo mtoto amelazwa, au ametoka hospitali juzi, au tarehe ya upasuaji imekaribia. Waliochanga wataelewa. Asiyeelewa, mrudishie pesa zake.

Tano, ongea na mtoto mwenyewe.

Mtoto wa miaka 11 anaelewa mengi. Akisikia watu wakisema baba anateseka barabarani kwa sababu yake, anaweza kujilaumu. Mwambie waziwazi, "Hukufanya kosa lolote. Ugonjwa si kosa lako. Baba anaendesha kwa sababu anakupenda." Mpe kazi ndogo: ahesabu kilomita kwenye daftari, au apeperushe kitambaa siku ya kuanza. Kule kwenye Pan-Mass Challenge, watoto wagonjwa huunganishwa na kikundi cha waendeshaji, wakawa kama wenzao wa safari. Mtoto anataka kuwa mwenza. Hataki kuwa mzigo.

Muulize pia kama anakubali picha yake itumwe kwenye simu za watu. Picha ya mtoto akiwa na mipira puani inaweza kuleta pesa leo. Lakini mwaka ujao, akirudi shuleni, wenzake watakuwa bado nayo. Picha ya baba na baiskeli inatosha.

Usiwasahau ndugu zake. Yule mdogo ambaye siku hizi haulizwi kama amekula, naye ni mtoto wako.

Sita, pesa za watu ni amana.

Muone chifu kuhusu kibali cha kuchangisha. Mtunza hazina asiwe baba wala mama. Chagueni mtu anayeaminika, kama mwalimu au mzee wa kanisa, pamoja na wengine wawili wa kushuhudia. Kila shilingi iandikwe kwenye daftari. Ikiwezekana, pesa zilipwe moja kwa moja hospitalini. Semeni mapema, mbele ya watu, pesa zikizidi zitafanyiwa nini.

Na semeni pia jambo lile gumu. Je, mtoto akituacha kabla ya siku ya safari? Najua hakuna mzazi anayetaka kulisikia swali hili. Lakini wengine wamelipata bila kujiandaa, na juu ya msiba wakaongezewa maneno ya watu kuhusu pesa. Andikeni tu kwenye daftari: "Likitokea lolote, pesa zitalipa deni la hospitali, na zitakazobaki zitasaidia mtoto mwingine." Kisha mfunge daftari na muendelee na maisha. Kuandika si kuita kifo.

Mwisho, neno kwa wewe mama unayebaki nyumbani.

Huenda unajiuliza, "Kwa nini yeye anapata kwenda barabarani, mimi nabaki na ndoo na dawa?" Ni swali la haki. Mzazi mwingine huendesha baiskeli kwa sababu hawezi kukaa tu akimsikiliza mtoto akihema. Miguu ikifanya kazi, moyo wake unapata nafuu. Hilo si baya. Lakini na wewe unahitaji nafuu yako. Kubalianeni: akiendesha siku tatu, na wewe upate saa zako ambazo yeye anakaa na mtoto, anampa dawa, anamwosha. Ukienda kwa dada yako kunywa chai na kulia kidogo, hujamtupa mtoto. Umeenda kujaza kibuyu kilichokauka.

Na kama katika nyumba yenu hakuna wa kuendesha, shemeji au kijana wa boda boda anaweza kuendesha kwa niaba yenu. Mtoto hataponyeshwa na baiskeli. Atasaidiwa na sindano isiyokosa, daktari aliyeonwa mapema, na watu wazima ambao hawakuchoka wote kwa wakati mmoja. Baiskeli ni ya kuwasaidia watu hao wasichoke.

Basi, mpenzi msikilizaji, usiku wa leo fanya jambo moja. Waulize watoto wako, "Nani anaumwa koo?" Akijibu mmoja, kesho asubuhi mpitishe zahanati kabla hujaenda kuchuma. Hadi tutakapokutana tena, ubaki na afya njema.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtoto akiumwa koo huwa tunafanya nini? Tubadilishe nini?
2. Mzazi wa mtoto mgonjwa akitaka kuchangisha pesa, majirani wanaweza kumsaidia kazi gani za nyumbani?
3. Ni nani kati yetu ana mtoto wa kuchomwa sindano kila mwezi? Tumkumbusheje bila kumwaibisha?