Hofu Ibakiayo Baada ya Kuanguka



Tumetakiwa kusema machache juu ya wazee walioanguka. Habari za mifupa twawaachia madaktari. Sisi twasema juu ya hofu, ambayo hubaki hata kwa yule asiyevunjika kitu.

Mwanachama wetu mmoja, mzee wa miaka 74, aliteleza ngazini katika nyumba ya ghorofa karibu na Barabara ya Juja, wakati wa masika. Alipata michubuko tu. Hata hivyo alikaa miezi minne bila kushuka; msikitini hakwenda, wala barazani kwetu. Nasi kwa huruma tulimpelekea chakula, tukimwambia, "Baba, usiinuke." Twakiri kwamba tulikosa.

Mwaka 1982 Murphy na Isaacs waliandika habari za wazee ambao, baada ya kuanguka, waliogopa kutembea hata wakawa wanashikilia kila kitu kilicho karibu. Mambo huenda hivi: mzee aogopa, kwa hiyo aketi, akiketi sana, misuli ya mapaja yapungua nguvu, ikipungua, mwili wayumba, ndipo aanguka tena. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi zaidi ni waliopita miaka 60.

Basi tulimwuliza mzee wetu anachoogopa. Hakutaja maumivu. Aliogopa kulala sakafuni usiku kucha asisikiwe na mtu, kwa makelele ya jenereta. Tena aliogopa wanawe wakisikia watamrudisha shambani. Kama tungeuliza mapema!

Kwanza alifundishwa kuinuka, kijana akiwa kando yake, juu ya mkeka: alale ubavu, ajiinue kwa mikono, apige magoti, ashike kiti kizito, atangulize mguu wenye nguvu, kisha asimame. (Lakini aumwaye nyonga asijaribu; na aite watu.) Alipojua kwamba sakafu si kaburi, uso wake ulibadilika. Ndipo akaanza kusimama na kuketi kitini mara kumi kila asubuhi, halafu ngazi, kidato kwa kidato. Daktari naye alitazama upya dawa zake za shinikizo la damu, maana zilimletea kizunguzungu. Mwenye nyumba tulimwandikia barua tukiomba mhimili wa kushika na taa ngazini. Mhimili umewekwa, taa tungali twaingoja.

Mzee mwenyewe yupo hapa leo, ameketi karibu na mlango. Alishuka orofa tatu kwa bakora yake, na kijana aliyetumwa kumshika mkono aliambiwa abebe kofia.

Wapo wazee watatu wengine, upande wa Seksheni ya Tatu, ambao hawajatoka nje tangu walipoanguka. Twahitaji vijana sita, wawili kwa kila mzee, saa moja asubuhi, siku tatu kwa juma. Daftari la majina liko mezani kwa karani.