Mazungumzo: Kuhuisha Programu ya Ngome ya Mtandao ni Wajibu wa Ofisi Nzima



Katika ofisi nyingi za Serikali hivi leo kipo kisanduku cha chuma ambacho watumishi hupita mbele yake kila siku bila ya kukijua jina. Kina taa chache zinazometa, feni inayovuma, na nyaya zinazoingia na kutoka. Chombo hicho ndicho ngome ya mtandao, nacho mafundi hukiita fayawoli. Kila orodha ya mishahara, kila kumbukumbu ya mgonjwa na kila malipo ya mwananchi yanayokwenda nje ya ofisi kwa njia ya mtandao hupita hapo. Ngome huangalia kila kinachopita, ikaamua kipi kiingie, kipi kitoke na kipi kizuiwe.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja. Ngome hiyo huendeshwa na programu, na programu hiyo hapana budi ihuishwe kila mtengenezaji anapotoa marekebisho ya usalama. Ofisi inayochelewa hujitia hatarini. Ofisi inayofanya pupa bila ya matayarisho nayo hujitia hatarini. Njia ya salama ni kuwahi na kujitayarisha kwa pamoja, na matayarisho hayo hayawezi kubebwa na fundi peke yake.

MFANO WA MWANDIGA

Ili jambo hili lifahamike vyema, uchukuliwe mfano wa ofisi ya umma iliyopo Mwandiga, katika Mkoa wa Kigoma. Mwandiga ni mji mdogo ulio kilomita chache nje ya mji wa Kigoma, penye njia panda: barabara moja yaelekea kaskazini hadi Manyovu, mpakani mwa Burundi, na nyengine yaelekea Kasulu.

Mkaazi wa Visiwani anaweza kuuliza mji wa upande wa Ziwa Tanganyika unamhusu nini. Jawabu ni kwamba Mwandiga na Visiwa viko katika hali moja: vyote viko mwisho wa waya. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kutoka Pemba hadi Unguja kuna bahari. Mara nyingi fundi mwenye ujuzi wa ngome hakai pale ilipo ngome. Kwa hiyo hitilafu ambayo katika makao makuu hutengenezwa kwa nusu saa, Mwandiga au Micheweni yaweza kumsubiri fundi kwa siku nzima au zaidi, na muda wote huo mwananchi amesimama dirishani.

Hali hii ni mpya. Mwezi wa Julai mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na katika mwaka huo huo ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umeunganisha mikoa ya Tanzania. Faida zake zinaonekana. Mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba, akalipa kwa simu bila ya kupanga foleni. Lakini njia iliyoleta huduma hizo ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia wahalifu walioko mabara mengine. Zamani misafara kutoka Ujiji ilikwenda kwa miguu kwa miezi hadi kufika pwani mkabala na Unguja. Hivi leo jaribio la kuvunja mlango wa ofisi hufika Mwandiga kwa chini ya sekunde moja, na mvunjaji hakuinuka kitini mwake.

GHARAMA YA KUCHELEWA

Wapo wasemao kwamba chombo kinachofanya kazi kisiguswe. Kauli hiyo inafaa kwa kinu cha kusagia. Kwa ngome ya mtandao haifai, kwa sababu siku mtengenezaji anapotangaza marekebisho, siku hiyo hiyo wahalifu nao hujua kwamba ufa upo na huanza kuwatafuta waliochelewa kuuziba.

Mifano ya dunia iko wazi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya udhaifu uliokuwemo katika programu yake ya Windows. Tarehe 12 Mei ya mwaka huo, takriban miezi miwili baadaye, programu haribifu iliyoitwa WannaCry iliutumia udhaifu huo kufunga mafaili ya ofisi na hospitali katika nchi nyingi. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kufuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba hata taasisi ambazo hazikuwa zimehuisha kompyuta zao zingeweza kujikinga lau zingezisimamia vyema ngome zao zinazoelekea mtandaoni.

Huo ni mfano wa kompyuta zilizo nyuma ya ngome. Ngome yenyewe nayo huweza kuwa na ufa. Mwezi wa Mei mwaka 2019 kampuni ya Fortinet ya Marekani, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa vyombo hivi, ilitoa marekebisho ya udhaifu katika sehemu inayowawezesha watumishi kuingia katika mtandao wa ofisi wakiwa mbali. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, zaidi ya miaka miwili baadaye, wahalifu walianika hadharani majina na maneno ya siri ya kuingilia katika vyombo vipatavyo 87,000. Yalikuwa yamechukuliwa kwenye vyombo ambavyo havikuwa vimehuishwa wakati vilipochunguzwa na wahalifu hao. Kampuni ilionya pia kwamba chombo kilichohuishwa baadaye kilibaki hatarini iwapo maneno ya siri hayakubadilishwa.

Onyo hilo lizingatiwe sana. Mwizi akishachukua ufunguo, kuziba ufa wa ukuta hakumzuii kuingia kwa mlangoni. Kwa hiyo kuhuisha programu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kubadilisha maneno ya siri na kuchunguza kumbukumbu za chombo ili ijulikane nani ameingia, lini na kutoka wapi.

MATAYARISHO

Watu wa Kigoma wanao mfano mzuri wa matayarisho, nao ni meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake kwanza walizipaka mashine grisi nyingi ili zisiharibike majini. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke zilibadilishwa, zikatiwa za dizeli, na bodi ikabaki ile ile.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, bodi ya chombo ni kitu kimoja na kinachokiendesha ni kitu chengine, nacho huweza kubadilishwa. Pili, anayekusudia kukizima chombo huanza kwa kuhifadhi kile kitakachomwezesha kukirejesha. Kwa ngome ya mtandao, grisi hiyo ni nakala ya mpangilio wa chombo, yaani amri zote zinazosema kipi kipite na kipi kizuiwe. Nakala hiyo ichukuliwe kabla ya kazi kuanza, na iwekwe nje ya chombo, mahali palipofungwa, kwani ndani yake zimo siri za ofisi. Nakala iliyobaki ndani ya chombo kilichoharibika haimsaidii mtu.

Baada ya nakala hiyo, matayarisho mengine ni haya yafuatayo.

Kwanza, ijulikane aina ya chombo, toleo la programu iliyomo, na iwapo mkataba wa huduma na mtengenezaji ungali hai. Ofisi isiyokuwa na mkataba mara nyingi hugundua siku ya hatari kwamba haiwezi kuyapata marekebisho.

Pili, yasomwe maelezo ya mtengenezaji kuhusu toleo jipya. Programu iliyo nyuma kwa matoleo mengi aghalabu haiwezi kurukishwa hadi toleo la mwisho kwa mara moja. Hupandishwa ngazi kwa ngazi, na anayeruka ngazi huenda akaupoteza mpangilio wake.

Tatu, faili la programu lichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, na alama yake ya uhakiki ilinganishwe na ile aliyoitangaza. Faili lililotoka kwa rafiki lisitumiwe. Aidha, faili la toleo la zamani lihifadhiwe, ili ipatikane njia ya kurudi.

Nne, umeme uwe wa uhakika. Chombo kinachozimika ghafla katikati ya kuandika programu mpya huweza kisiwake tena. Mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na wakaazi wa Unguja hawajasahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa umeme kutoka Bara ulipoharibika. Chombo kiunganishwe na UPS, yaani betri ya kushikilia umeme, na betri hiyo ijaribiwe mapema ijulikane inashikilia dakika ngapi.

Tano, awepo mtu pale pale ilipo ngome. Fundi aliyeko Dar es Salaam huifikia ngome ya Mwandiga kwa kupitia ngome hiyo hiyo. Chombo kinapozimika ili kiwake na programu mpya, njia yake hukatika. Kikiwaka vyema, hurudi. Kisipowaka, fundi amejifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Kwa hiyo ateuliwe mtumishi wa ofisi hiyo, aelekezwe kabla ya siku yenyewe, apewe waya wa konsoli wa kuunganisha kompyuta na chombo moja kwa moja, pamoja na simu yenye salio la kuzungumza na fundi.

Sita, uchaguliwe wakati unaofaa. Kazi ifanywe baada ya saa za ofisi, isiwe siku za kutayarisha mishahara wala mwisho wa mwaka wa fedha. Jioni ya Ijumaa nayo haifai, kwani chombo kikishindwa kuwaka hapatakuwa na wa kuulizwa hadi Jumatatu. Hospitali na vituo vya afya vipewe taarifa mapema, na viwe na madaftari ya kuandikia wagonjwa kwa mkono mpaka mtandao urudi.

BAADA YA KAZI

Chombo kuwaka si dalili kwamba kazi imekwisha. Kila idara ijaribu huduma yake: mhasibu afungue mfumo wa malipo, mganga afungue jalada la mgonjwa, mpokezi atume barua pepe. Kabla ya kuanza, uwekwe muda wa mwisho. Ukifika na huduma muhimu hazijarudi, lirejeshwe toleo la zamani bila ya ubishi, na kazi ipangwe siku nyengine. Ijulikane mapema nani mwenye mamlaka ya kutoa uamuzi huo usiku. Palipo na ngome mbili zinazosaidiana, ihuishwe kwanza ile ya akiba, nyengine iendelee kulinda.

Vipo pia vyombo ambavyo havihuishiki tena. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliziamuru taasisi zake za kiraia zichunguze mara moja baadhi ya ngome za kampuni ya Cisco zilizokuwa zikishambuliwa, na zile ambazo huduma ya mtengenezaji ilikuwa inafikia kikomo mwishoni mwa mwezi huo ziondolewe moja kwa moja katika mtandao. Mkuu wa ofisi anayeona gharama ya chombo kipya ni kubwa na ailinganishe na gharama ya kusimama kwa huduma zote.

WAJIBU WA KILA MTU

Mkuu wa ofisi ndiye mwenye amana. Yeye ndiye anayeidhinisha fedha za mkataba, muda wa kazi na jina la msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2022, imeweka bayana kwamba anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Udhuru kwamba fundi hakusema haumtoshi kiongozi.

Watumishi wengine wana wajibu wa kuhifadhi kazi zao na kutoka katika mifumo kabla ya saa iliyotangazwa. Mtumishi anayepigiwa simu na mtu anayejiita fundi, akaombwa neno lake la siri ili eti ngome ihuishwe, asilitoe. Kazi hii haihitaji neno la siri la mtumishi yeyote asiyehusika nayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na simu ya namna hiyo mara nyingi ndiyo mlango wa kosa hilo.

Mwananchi naye ana haki ya kuambiwa. Tangazo libandikwe siku kadhaa kabla, lieleze tarehe, saa na huduma zitakazosimama, ili mtu wa Kalinzi asipande gari hadi Mwandiga, wala mtu wa Kojani asivuke kwa dau akaenda hadi Wete, akakuta dirisha limefungwa. Mwananchi aliyeambiwa mapema huvumilia saa mbili za kusimama kwa huduma. Aliyeshitukizwa hana sababu ya kuvumilia.

Wakuu wa ofisi wanaombwa kuanza na jambo moja dogo: wamuulize fundi wao ngome ya ofisi inatumia toleo gani la programu, na lilihuishwa lini mara ya mwisho. Pakikosekana jawabu, basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza.