Ufundi wa Usonara Katika Kibera



Katika vibanda vya mafundi wa Kibera, mjini Nairobi, makufuli mabovu, bilula na funguo za kale huyeyushwa na kufanywa bangili, hereni na pete. Hata mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni hukatwa na kusuguliwa mpaka zing'ae.

Mwanafunzi wa kazi hii hana budi kujua mambo mawili. La kwanza ni afya yake. Shaba ya manjano huyeyuka kwa moto wa digrii 900 hivi, na ndani yake mna zinki, ambayo moshi wake huleta homa na kikohozi. Basi yafaa iyeyushwe mahali penye hewa nyingi, wala si chumbani wanamolala watoto.

La pili ni utaratibu. Pete hulehemiwa kwanza, ikapigwa tupa na msasa. Jiwe hutiwa mwisho, kisha ukingo mwembamba wa shaba hukunjwa polepole kulizunguka, hata lisicheze. Mwenye haraka akitia jiwe kabla ya moto, laweza kupasuka. Na hasara hiyo si ndogo kama jiwe lenyewe ni tsavoraiti, lile la kijani la Taita, ambalo mwaka 1974 lilipewa jina kwa ajili ya Tsavo.

Kufuli bovu halina bei kubwa sokoni. Thamani yake huja kwa mkono uliofundishwa, na mkono huo hautapatikana bila subira.