Kuacha Unga ni Nusu ya Safari



Katika karne ya kumi na tisa Tabora haikuwa mwisho wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilifika hapa imechoka. Wagonjwa waliuguzwa, chakula kilinunuliwa, wapagazi wapya waliajiriwa na mizigo ikafungwa upya. Dk. Livingstone alikaa Kwihara hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Hakuna aliyedhani kwamba kufika Tabora ndiko kumaliza safari, maana Ziwa Tanganyika lilikuwa bado mbali.

Jambo hilo husahauliwa pale mraibu wa heroini anapoingia katika nyumba ya upataji nafuu. Jamaa zake hushusha pumzi. Baada ya miezi michache husemwa kwamba amepona, naye hurudi mtaani akiwa na mfuko wa nguo tu.

Utabibu unasema vingine. Maumivu makali ya kuacha heroini, ambayo vijana wenyewe huyaita arosto, kwa kawaida huisha katika muda wa juma moja hivi. Tamaa, hata hivyo, huweza kubaki kwa miezi, hata miaka. Tena mwili uliokaa muda bila heroini hupoteza uwezo wake wa kuihimili, hata kipimo kile kile cha zamani kikaweza kumwua mtu. Kwa hiyo siku ya kutoka, ambayo ndugu huisherehekea, ndiyo mwanzo wa majuma yenye hatari kubwa.

Ndiyo maana muda wa kukaa katika nyumba hizo hauna budi kuwa mrefu, na uwe muda wa kujifunza. Mtu aliyeanza uraibu angali kijana huenda hajawahi kulipa kodi ya chumba, kuamka alfajiri kwenda kazini, au kuvumilia huzuni bila kuizima kwa unga. Mambo hayo hayafundishwi kwa mahubiri. Hufundishwa kwa kupika kwa zamu, kufua, kulima, kutunza hesabu ya fedha kidogo na kukubali kukosolewa na wenzake. Nyumba inayomfungia mtu na kumlisha, kisha ikamfungulia lango, imemhifadhi bila kumfundisha.

Taifa hili si geni katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 vilikuwapo vijiji vya kilimo ambamo waliotoka katika hospitali za magonjwa ya akili waliishi na kulima, wakijizoeza tena maisha ya kawaida. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa tangu 2009 zimeendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine, ikiwamo Dodoma, katika kituo cha Itega, kwenye nchi ya Ugogo iliyovukwa na misafara ya zamani. Anayekunywa methadoni kila siku chini ya uangalizi, akalala kwake na kufanya kazi, asidharauliwe kwamba bado yumo katika ulevi. Huyo anatibiwa.

Hata hivyo, tiba peke yake haimpi mtu kazi. Hapo ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma unapoanza. Mwalimu anaweza kumpokea tena darasani kijana aliyeacha shule, bila kumwita teja mbele ya wenzake. Afisa ustawi wa jamii anaweza kukutana na familia kabla ya siku ya kutoka. Afisa maendeleo ya jamii anaweza kumwongoza kwenye mafunzo ya VETA, au kwenye kikundi cha vijana kinachostahili mkopo wa halmashauri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja jengo jipya.

Basi, kabla mtu hajaruhusiwa kutoka, maswali matatu yawe yamekwisha kujibiwa: atalala wapi, atafanya kazi gani, na atamwendea nani usiku ule tamaa itakapomrudia. Msafara ulioondoka Tabora bila chakula wala mwenyeji mbele ya safari haukuwa na matumaini ya kufika Ujiji. Wala asilaumiwe peke yake anayeanguka njiani, iwapo waliomwaga hawakumfungia mzigo.