Lango, Boma na Mji: Msafiri wa Harar katika Njia ya Uzaramo

Richard Burton, msafiri wa Kiingereza ambaye jina lake halikosekani katika historia ya misafara ya Afrika Mashariki, aliingia Harar tarehe 3 Januari 1855. Miaka miwili na nusu baadaye, mwishoni mwa Juni 1857, aliondoka Kaole pamoja na John Speke akashika njia ya bara kupitia Uzaramo. Imekuwa desturi kuzisoma safari hizi mbali mbali, kama yeye mwenyewe alivyoziandika: ile ya Harar aliitolea kitabu mwaka 1856, na ile ya maziwa makuu mwaka 1860. Mhadhara huu unazisoma pamoja. Linalotafutwa ni jambo la lugha: msafiri hujuaje kwamba amefika mjini, na akishafika, hujuaje kwamba mji huo ni mtakatifu?

Harar ipo katika nyanda za juu za mashariki ya Ethiopia. Ukuta wake, uitwao Jugol, unanasibishwa na Amiri Nur bin Mujahid, aliyetawala katikati ya karne ya 16, baada ya Imamu Ahmad bin Ibrahim kuuawa vitani mwaka 1543. Ukuta huo una malango matano ya kale na unazunguka eneo la hekta 48 tu. Yaani mtu mwenye miguu mizima huweza kuuzunguka wote asubuhi moja na akarudi kunywa kahawa. Hata hivyo, kwa hesabu iliyotolewa na UNESCO mji ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ndani yake mna misikiti 82 na mahali pa kuzuru mawalii 102. Ndiyo maana ukaitwa Madinat al-Awliya, mji wa mawalii. Anayetukuzwa kuliko wote ni Sheikh Abadir, ambaye masimulizi ya wenyeji yanasema alikuja kutoka Bara Arabu.

Burton alikwisha kuzuru Makka na Madina mwaka 1853 akiwa amejigeuza Mwislamu wa kutoka mashariki. Kwa Harar, alisafiri kutoka pwani ya Wasomali akiwa amevaa kama mfanyabiashara wa Kiarabu, lakini alipokaribia mji aliamua kujitaja kuwa Mwingereza, akaandika mwenyewe barua iliyodaiwa kutoka kwa mwakilishi wa Uingereza huko Aden. Anasimulia kwamba watu wa Harar waliamini mji wao ungeanguka siku Mkristo atakapoingia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, alipouona mji kwa mbali alivunjika moyo. Hakuona kitu cha kushangaza macho isipokuwa minara miwili ya msikiti. Kilichoufanya mji uwe mkubwa mbele yake kilikuwa lango. Hapo alingoja mpaka mlinzi apeleke habari kwa Amiri Ahmad. Hapo ndipo alipoanza kuhesabiwa kuwa mgeni. Alikaa siku kumi, na sehemu kubwa ya siku hizo aliitumia kufikiri atatokaje. Katika mji wenye kuta, ruhusa ya kuondoka ni sehemu ya ukarimu, nayo hutolewa na yule yule aliyetoa ruhusa ya kuingia.

Wenyeji wa Harar, hata hivyo, hawauiti mji wao kwa jina la ukuta. Katika lugha yao, ambayo ni ya jamii ya Kisemiti, mji huitwa Gey, maana yake ‘mji’ basi, kana kwamba hakuna mwingine. Lugha yenyewe ni Gey Sinan, ‘lugha ya mji’, na wao ni Gey Usu, ‘watu wa mji’. Burton aliikusanya msamiati wake na kuuambatisha mwishoni mwa kitabu chake, na kwa kazi hiyo wanaisimu wanapaswa kumshukuru hata kama hawapendi maneno mengine aliyoyaandika kuhusu watu wa huko. Neno Jugol nalo limepanuka: hutumika kwa ukuta na pia kwa eneo lote lililomo ndani yake. Lakini utambulisho wa mtu haukujengwa juu ya mawe. Umejengwa juu ya kuwa mwenye mji.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Neno mwenyeji limetokana na mwenye na mji. Kila anayempokea mgeni, awe na jumba la ghorofa Unguja au kibanda cha makuti Maneromango, lugha humwita mwenye mji. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone haikuuliza kama mwenyeji huyo ana lango la chuma. Neno mji lenyewe ni pana kuliko linavyofikiriwa na wanaolinganisha mji na majengo: katika lugha nyingi za Kibantu hutaja maskani ya ukoo mmoja, na katika Kiswahili hata tumbo la uzazi ni mji wa mimba. Kinachounganisha maana hizi ni kuwamo ndani ya kitu kinachohifadhi. Ukuta wa mawe ni namna moja tu ya hifadhi hiyo.

Msafiri yule alipoingia Uzaramo, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Kisarawe, Kibaha, Mkuranga, sehemu za Bagamoyo na Jiji la Dar es Salaam, alikuwa amebeba kipimo cha Harar. Msafara uliongozwa na Said bin Salim, na miongoni mwa watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Njia ilifuata bonde la mto Kingani, ambao siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Ruvu. Palikuwa na hofu ya kweli: katika njia hiyo, mahali paitwapo Dege la Mhora, Mfaransa Maizan aliuawa mwaka 1845. Basi Uzaramo ikaandikwa kama kikwazo. Wakubwa wa Wazaramo, wenye cheo cha pazi, wanatokea katika kurasa zile kama watoza hongo, watu wa kuridhishwa kwa nguo ili njia ifunguke.

Swali ni hili: hongo ilikuwa nini, kama si lango? Msafara ulisimama, habari zikapelekwa mbele, mgeni akajulikana ni nani na anakwenda wapi, zawadi ikatolewa, ruhusa ikaja. Hatua hizi ni zile zile za Harar, moja baada ya nyingine. Tofauti ni kwamba Harar lango lilijengwa mahali pamoja likabaki hapo, na Uzaramo lilikuwa mahali popote pazi alipokuwa na haki ya kusema simama. Burton alimheshimu mlinzi wa kwanza kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta. Wa pili alimhesabu kuwa mwombaji mwenye kero. (Haki iseme pia kwamba hongo iliwachosha wafanyabiashara wa pwani wenyewe, nao hawakuwa wageni wa desturi hizo.)

Kuhusu kuta zisizo za mawe, Kiswahili kina msamiati mzito ambao haujachambuliwa vya kutosha. Lipo boma, ambalo kwanza ni uzio wa miti au miiba. Baada ya wakoloni kujenga ofisi zao ndani ya maboma, uzio ukawa serikali, na mtu wa Kisarawe akasema anakwenda bomani bila ya kufikiria mti wala mwiba. Lipo kaya, ambalo katika Kiswahili sanifu limepunguzwa likawa neno la sensa, ilhali kwa Wamijikenda ni mji wa kale ndani ya msitu, wenye njia nyembamba za kuingilia na fingo lililofukiwa ardhini kuulinda. Na kipo kitenzi kuzindika, ambacho ndicho hasa kiini cha mjadala huu. Mji huzindikwa. Huzungukwa kwa dua, kwa kisomo, na katika miji kadhaa ya pwani kwa kumzungusha ng’ombe kabla ya kumchinja, ili maradhi na shari visivuke. Aliyeuzunguka mji kwa namna hiyo ameujengea ukuta. Msafiri asiyejua lugha hupita juu yake bila ya kuuona.

Utakatifu wa Uzaramo nao haukuwa ndani ya mji. Ulikuwa kwenye makaburi ya wazee, katika vichaka na miti mikubwa ya mizimu, na zaidi ya yote mbali kabisa, katika pango la Kolelo kwenye milima ya Uluguru. Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani aliyeandika juu ya imani za Wazaramo mwanzoni mwa karne ya 20, ameeleza jinsi watu walivyotumwa huko kuomba mvua, na jinsi mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, maneno yaliyonasibishwa na Kolelo ya kukataza kodi yalivyoenea Uzaramo. Hao waliokwenda Kolelo walikuwa mahujaji kwa maana kamili: walikuwa na safari, miiko, sadaka na jibu la kurudi nalo. Hapakuwa na lango la kupigiwa picha.

Wasafiri walioandika kwa Kiswahili walitazama vingine. Katika mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, anaeleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua, na katika jina la habari hiyo anataja Wadoe na mila zao. Anaanzia kwa watu. Ni vigumu kusema kwamba mkabala wake ni bora kwa kila jambo, kwani Burton alipima umbali, bei na joto kwa uangalifu ambao Mtoro hakuutafuta. Lakini kwa swali la nani mwenye mji, Mtoro ndiye shahidi wa kuaminiwa zaidi.

Tofauti hii haikuishia katika vitabu. Kinachoonekana kuwa na kuta hulindwa mapema. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, nazo ziliingia kwa jina la misitu. Huko Kisarawe, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam; sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, na sababu zinazotajwa kwanza ni ndege, mimea na vyanzo vya maji. Majina ya vichaka vya mizimu na njia za kuviendea yamo katika Kizaramo, na vijana wengi wa wilaya hiyo leo huzungumza Kiswahili peke yake. Mwanafunzi atakayekwenda Maneromango au Mzenga na daftari yake ataanza vyema akiwauliza wazee maneno matatu: pale mgeni aliposimama kungoja aliitwaje, mahali penyewe paliitwaje, na nani alikuwa na haki ya kumwambia apite.