Misingi ya Mahojiano katika Unasihi
(Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata)



Mtu afikapo ofisi ya ustawi wa jamii au kituo cha afya akiwa na jambo linalomlemea moyoni, huduma ya kwanza anayopewa ni mazungumzo. Yakiendeshwa vibaya, huondoka na siri yake, na pengine asirudi tena. Yafaa basi kila mkazi ajue mahojiano mema yalivyo, apate kuyadai.

Mahojiano ya unasihi si ya polisi. Mnasihi hatafuti mkosaji, hutafuta kuelewa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alieleza mwaka 1957 kuwa mnasihi hana budi kuwa mkweli, kumthamini mteja bila masharti, na kuyaona mambo kwa jicho la mteja mwenyewe.

Kwanza ni faragha. Mazungumzo hufanyika mahali ambapo wapita njia hawasikii. Kabla ya kuuliza lolote, mnasihi hujitambulisha, huahidi kutunza siri, na kutaja mipaka yake: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akifanyiwa ukatili, sharti wengine wahusishwe.

Pili ni maswali. “Je, mumeo anakupiga?” huweza kujibiwa “hapana”, na mazungumzo yakaishia hapo. “Hali ya nyumbani ikoje siku hizi?” humpa mteja nafasi ya kuanzia atakapo. Neno “kwa nini” litumiwe kwa uangalifu, kwani hunukia lawama.

Tatu ni kusikiliza. Mteja anyamazapo, mnasihi hukaa naye katika ukimya huo, wala hakimbilii kutoa mawaidha. Kisha humrudishia aliyoyasikia: “Kama nimekuelewa, tangu mavuno yaharibike hulali, nawe unaona haya kuwaambia wazee.” Mteja huthibitisha au husahihisha.

Nne ni swali zito. Wengi hudhani kumuuliza mtu kama anawaza kujiua ni kumtia wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sivyo. Kuulizwa huweza kumpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya ajione ameeleweka. Swali huulizwa waziwazi na kwa upole. Akikiri, asiachwe peke yake. Viuatilifu na vitu vingine vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwishoni, mnasihi hufupisha yaliyosemwa, na wote wawili hukubaliana hatua ifuatayo na siku ya kuonana tena. Uamuzi hubaki kuwa wa mteja.

Mwenye haja ya huduma hii amwone Afisa Ustawi wa Jamii, au aulize katika zahanati iliyo karibu. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Na yeyote atakayeendewa na jirani mwenye dhiki, amsikilize kwanza, ushauri usubiri.